Kuuza STI: Kipi Ukichomoe, Kipi Ukiache

Mwenye Subaru Impreza WRX STI aliyeifanyia kazi kwa miaka, siku ya kuiuza huanza na risiti. Anajumlisha rimu, koilova (shokomzoba na springi za kurekebisha kimo), daunpaipu (bomba la moshi linalotoka kwenye turbo), nozeli kubwa za kupulizia mafuta, pampu ya mafuta, siti za mashindano na malipo ya fundi aliyeandika ramani ya injini. Jumla anaipandisha juu ya bei ya gari, anatangaza, simu haiiti. Anashusha. Anashusha tena. Mwisho dalali anaichukua kwa bei ya STI ya kawaida na vifaa vyote vinaenda bure.

Mwenzake anayeiogopa hasara hiyo huchomoa kila kinachochomoka, kisha anabaki na gari lililopandishwa kwenye stendi, linalowaka kwa shida, lisiloweza kumfikia mnunuzi bila kuvutwa. Huyu naye hupoteza, na aghalabu hupoteza zaidi.

Mpaka kati ya cha kutoa na cha kuacha upo, na bei ya kifaa siyo inayouweka. Swali la kuuliza ni moja: kifaa hiki kikitoka, injini itajua? Rimu zikitoka, injini haina habari. Nozeli zikitoka, injini inajua kabla hata ya gari kutoka getini. Kifaa ambacho injini haikijui kitolewe na kiuzwe peke yake. Ambacho injini inakijua kibaki pamoja na ramani iliyoandikwa kwa ajili yake, yaani majedwali ya mafuta, mwako na presha ya turbo yaliyomo ndani ya kompyuta ya gari; la sivyo mfumo mzima urudishwe ulivyotoka kiwandani, ramani ikiwemo. Katikati hapana mahali pa kusimama.

Kwanza tueleze kwa nini soko linazikataa risiti, maana kwa juu juu lingepaswa kuzipokea. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa mujibu wa kanuni ya KS 1515 inayosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la nchi. STI za umbo la GDB, zilizotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2007, zilifungiwa mlango wa bandari ya Mombasa zamani. Zilizopo nchini ndizo hizo, na kila inayobingirika Naivasha au kwenye barabara kuu inapunguza idadi. Jina lenyewe lina uzito hapa: mwaka 2000 Richard Burns alishinda Safari Rally akiwa ndani ya Impreza, na vijana wengi walioshika usukani baadaye walikua wakiliota gari hilo. Uhaba upo, mapenzi yapo. Lakini uhaba huo unapandisha zaidi bei ya gari lililobaki lilivyo, kwa sababu lililobadilishwa humuuzia mnunuzi pia mguu wa mtu mwingine. Injini ya EJ207, ya cc 1994, ilitoka Japani ikiwa imeandikwa nguvu za farasi 280, kikomo ambacho watengenezaji wa huko walikuwa wamekubaliana wasikivuke. Kila farasi aliyeongezwa juu ya hapo ametolewa kwenye akiba ya pistoni, beringi za konrodi, klachi na gia. Mnunuzi anaona farasi walioongezwa. Akiba iliyobaki haioni, na kisichoonekana hukatwa kwenye bei.

Benki nayo ina mchango wake. Mnunuzi anayekopa hupelekewa mthamini, na mthamini kwa kawaida hupima modeli, mwaka, kilomita na hali ya gari. Vifaa vilivyoongezwa huingia kidogo mno kwenye hesabu yake. Mkopo unafika kwenye bei ya gari la kawaida na kuishia hapo. Kilichozidi mnunuzi atoe mfukoni, taslimu. Hapo ndipo watu wengi waliosema wanalitaka gari huacha kupokea simu. Tena atakayelinunua likiwa limebadilishwa ana wajibu wa kuyataja mabadiliko hayo kwa kampuni ya bima, kwa sababu bima hulipa kulingana na gari ililoelezwa. Asipoyataja, siku ya ajali anajadiliana na watu wenye mkataba mkononi.

Kwa hiyo hesabu ya kila kifaa ifanywe hivi: bei yake kikiwa cha mkono wa pili, toa gharama ya kupata kifaa cha asili cha kujaza nafasi yake, toa ufundi, kisha linganisha na kiasi ambacho mnunuzi wa gari yuko tayari kukiongezea. Tuchukue namba za kufundishia tu. Rimu zako zinauzika kwa shilingi 180,000, za asili zinapatikana kwa 50,000, na kuhamisha tairi na kubalansi ni 6,000. Mkononi inabaki 124,000. Mnunuzi wa gari akisema atakuongezea 40,000 kwa ajili ya rimu, jibu unalo. Lakini chukua daunpaipu inayouzika kwa 35,000 wakati ya asili yenye kataliti (kisafisha moshi) nzima inadaiwa 45,000. Hapo kuchomoa ni kujitoza faini.

Kifaa cha asili ndicho kinachoamua mengi, na ndicho ambacho wengi walikitoa bure siku ya kufunga kipya. Kabla ya kushika spana, kagua stoo. Ikiwa shokomzoba, springi, rimu, bomba la moshi na usukani wa asili vipo, una uhuru wa kuchagua. Ikiwa havipo, vitafute na uvilipe kwanza, ndipo utoe vya kwako. Anayefanya kinyume hugeuka mateka: gari limekaa chini bila miguu, na muuza spea wa Kirinyaga Road anajua kabisa kwamba huna njia nyingine.

Rimu ndizo za kwanza kutolewa, na ndizo zinazopotosha watu wengi. STI za hadi mwaka wa modeli 2004 zina boliti tano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia modeli ya 2005 duara ni milimita 114.3. Kwa macho ya kawaida hazitofautiani, na ukinunua seti ya kimakosa umenunua mapambo ya ukutani. Pia usishawishike na rimu za inchi 16 za WRX isiyo STI kwa kuwa ni rahisi: kaliba za breki za Brembo za STI hazitoshei ndani yake. Inchi 17 ndiyo pa kuanzia. Nati ni za uzi wa M12 x 1.25, na za asili zina mdomo uliochongoka. Baadhi ya rimu za madukani huhitaji nati ndefu au nyembamba, kwa hiyo hakikisha unazo za asili, la sivyo rimu itakazwa na bado icheze. Kaza kwa tokirenchi kwenye Nm 100 hivi, kwa mpangilio wa nyota, kisha rudia baada ya kilomita 50.

Unapoziuza hizo nzuri, mnunuzi wa rimu ni mjuzi kuliko mnunuzi wa gari. Soko limejaa nakala za Rays TE37 zilizomiminwa, wakati zile halisi zimefuliwa. Piga picha ya mhuri wa ndani, upana, ofseti, na kingo zote nne kwa karibu, pamoja na upande wa nyuma ambako ufa na alama za kuchomelea hujificha. Rimu iliyopinda iseme imepinda. Atakayeipeleka kwenye mashine ya kubalansi ataijua ndani ya dakika moja.

Koilova zinafuata, na hapa panahitaji subira. Mguu wa mbele wa GDB umeshikwa na nati tatu juu, chini ya boneti, na boliti mbili nene kwenye nakali, chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu. Kati ya hizo mbili, ya juu ina kichwa kisicho duara kamili. Hiyo ndiyo inayoweka mlalo wa gurudumu. Ichore alama kwa msumari au rangi kabla ya kuilegeza, kwenye kichwa na kwenye chuma kinachoizunguka. Usipoiwekea alama, gari litafika kwenye mashine ya alaimenti likivuta upande mmoja, na njiani limekula tairi. Waya wa sensa ya ABS na mpira wa breki vifunguliwe kwenye vishikio vyake kabla ya kuuvuta mguu. Mpira wa breki uliobeba uzito wa nakali hupasukia ndani, huwezi kuona kwa nje.

Kazi huwa chungu zaidi nyuma, wakati wa alaimenti. Mwelekeo wa magurudumu ya nyuma hurekebishwa kwenye boliti ya mkono wa pembeni, na boliti hiyo hushikana na bomba la ndani la bushi hadi zikawa chuma kimoja. Gari lililotoka kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au lililokaa miaka karibu na bahari kule Nyali au Kilindini, mara nyingi haliachii. Spana ndefu inazungusha boliti, bushi inazunguka nayo, mpira unachanika. Mwisho wake ni grenda na bushi mpya. Weka gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujaahidi bei, na anza kupuliza mafuta ya kulainisha kutu siku tatu mapema, asubuhi na jioni. Boliti yoyote inayopita kwenye bushi ikazwe ya mwisho gari likiwa limekaa chini kwa magurudumu yake. Ukiikaza gari likining'inia, bushi inabaki imesokotwa na haitachukua muda kukatika.

Koilova ikishatoka, isafishe kabla ya kujaribu kuzungusha kola zake. Nyuzi zikijaa mchanga na kola ikalazimishwa, zile za alumini husagika, na kifaa kilichokuwa na bei kinageuka cha kutolea vipuri. Brashi ya waya laini, mafuta ya kulainisha, zungusha robo mbele, robo nyuma. Kisha mwonyeshe mnunuzi kwamba fimbo ni kavu. Oili kwenye fimbo ni sili iliyokwisha.

Siti za mashindano na usukani wa dukani vitoke, mradi za asili zipo. Mnunuzi wa kawaida ana mke, ana mama, ana watoto wa kuketi nyuma. Siti isiyolala inamkimbiza kabla hajauliza kilomita. Kazi yenyewe ina hatari moja ya kweli, nayo ni mikoba ya hewa. Ondoa waya wa betri wa hasi, subiri dakika kadhaa, ndipo uguse soketi za rangi ya manjano. Wapo waliofunga rezista pale ili taa ya mkoba wa hewa izimike. Rezista hiyo inaidanganya kompyuta kwamba mkoba upo. Kumuuzia mtu gari la namna hiyo bila kumwambia ni kumuuzia siku yake ya ajali, na hapo hapana la kujadili: mkoba urudi, au aambiwe kwa maandishi.

Breki ni za kufikiria mara mbili. Kama STI ilikuja na Brembo, hizo ni za gari na zibaki. Suala linakuja kwa WRX au Forester iliyofungwa Brembo baadaye. Mbele kurudisha ni rahisi. Nyuma, breki ya mkono imo ndani ya diski, na ngoma ya Brembo ni ya milimita 190 wakati ile ya WRX ni 170. Viatu, bamba la nyuma na diski vyote vinabadilika pamoja. Kisha mfumo utolewe hewa kwa mafuta mapya ya DOT 4. Kwa kazi yote hiyo, mara nyingi ni bora breki zibaki na zitajwe kwenye tangazo, kwa sababu ndicho kifaa cha dukani ambacho hata baba wa mnunuzi hana ugomvi nacho.

Sasa twende kwenye injini, ambako pesa kubwa hupotea.

Tuseme mwenye gari amefunga nozeli za cc 1000 kwa dakika mahali pa zile za cc 550. Ramani mpya imeandikwa ikijua hivyo, kwa hiyo nozeli inafunguliwa kwa muda mfupi zaidi. Akizitoa kubwa na kurudisha ndogo bila kubadilisha ramani, kila mpigo unatoa asilimia 55 tu ya mafuta yaliyokusudiwa. Likiwaka kabisa, litatetemeka na kukohoa. Akilikanyaga, hewa ni nyingi, mafuta ni haba, moto unalipuka kabla ya wakati na kingo za pistoni kati ya ringi zinamegeka. Bomba la kuvutia hewa nalo lina hesabu zake: sensa ya hewa hupima mwendo wa hewa ndani ya bomba la kipenyo kinachojulikana. Badilisha kipenyo, acha ramani ileile, na kompyuta inaamini uongo kwenye kila kipimo. Vali ya kupumulia turbo inayotoa hewa nje, ile yenye mlio ambao mtaa mzima unaujua, humwaga hewa ambayo sensa imeshaihesabu, na kila ukibadili gia mchanganyiko unajaa mafuta kupita kiasi.

Hata kitu kidogo kina kazi yake. Ndani ya mpira mwembamba unaopeleka presha ya turbo kwenye solenoidi, vali ya umeme inayoidhibiti, kuna kipande cha shaba chenye tundu dogo. Anayefunga kidhibiti cha mkono cha busti, yaani presha ya turbo, huutupa mpira huo bila kujua kwamba kipande kimo. Akirudisha ya kiwandani kwa mpira wa kawaida, busti haipandi inavyopaswa, gari linakuwa zito, na mnunuzi anaondoka akisema turbo imekufa. Tafuta kipande hicho kabla ya kingine chochote.

Intakula ya mbele, kipozea hewa ya turbo, ni kesi ya peke yake. Ya asili inakaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kuifunga ile kubwa ya mbele mara nyingi humlazimu fundi akate boriti ya chuma iliyo nyuma ya bampa. Boriti iliyokatwa hairudi kwa kutoa mabomba, inahitaji nyingine. Chungulia chini ya bampa kabla ya kuamua, kwa sababu ukiitoa intakula utamwachia mnunuzi gari lisilo na kinga ya mbele na lisilo na kile kilichosababisha likatwe.

Kama umeamua kurudisha injini yote, mpangilio ni huu. Muombe fundi wa ramani faili la asili aliloliokoa kabla ya kuandika lake. Fundi makini analo. Kama gari lilifungwa kompyuta ya dukani, ile ya asili iwe ni ya gari hilohilo, maana penye immobilaiza (kizuia wizi) kompyuta inazitambua funguo zake pekee. Turbo, manifoldi na bomba la kuunganisha virudi kama seti. EJ207 za miaka ya baadaye zina turbo ya njia mbili, na manifoldi ya njia moja haikai nayo. Nunua gasketi mpya zote. Nati za daunpaipu kwenye turbo ni za spana ya 14, zimeokwa na moto kwa miaka, na stadi zake hukatika ukizilazimisha. Zipashe joto, zilainishe, zirudishe nyuma na mbele kidogo kidogo. Turbo ikishafungwa, mimina oili ndani ya tundu lake kabla ya kuunganisha mpira. Zima nozeli au mwako, zungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili izimike, ndipo uwashe. Turbo inayowashwa ikiwa kavu hujiharibu ndani ya sekunde chache, na uharibifu wake utajitokeza wiki mbili baadaye, mikononi mwa mtu mwingine.

Ukiisoma orodha hiyo utaona kwa nini maoni ya makala hii ni kwamba injini iliyofanyiwa kazi vizuri iachwe ilivyo. Gharama ya kurudisha ni kubwa, nafasi za kuharibu ni nyingi, na nozeli au turbo ya mkono wa pili huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake kwa kuwa mnunuzi hawezi kuipima mezani. Zaidi ya hayo, ramani nzuri ina thamani ya kienyeji. GDB ya Japani ilitengenezwa kwa petroli ya premium ya huko, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96. Ramani iliyoandikwa Nairobi kwa mafuta ya pampu za Nairobi inalinda injini kuliko ile ya kiwandani iliyoachwa inywe mafuta ambayo haikuyatarajia.

Ila ramani ya Nairobi ni ya Nairobi. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya bar 0.83 hivi. Geji ya busti ikisoma 1.2, presha halisi inayoingia kwenye injini ni 2.03. Mpeleke gari mnunuzi wa Mombasa, geji isome 1.2 ileile, na sasa presha ni 2.21. Injini inapokea hewa zaidi kwa karibu asilimia 9, tena kwenye joto la pwani, na inafika kwenye visanduku vya jedwali ambavyo fundi wa Nairobi hakupata nafasi ya kuvijaribu. Muuzaji mwaminifu humwambia mnunuzi wa pwani hivyo mapema: busti ishushwe kidogo, au gari lipimwe tena likishafika. Sentensi hiyo moja humpa mnunuzi imani kuliko picha ishirini za injini iliyooshwa.

Gia na difu hazitenganishwi kamwe. WRX iliyopewa gia sita za STI ilipewa pia difu ya nyuma inayolingana nayo. Uwiano wa difu ya mbele, iliyomo ndani ya gearboksi, lazima ulingane na wa nyuma ukishahesabu pia gia zinazopeleka nguvu nyuma. Anayeuza gearboksi peke yake na kufunga nyingine bila kuhesabu uwiano anaipa difu ya kati kazi ya kupigana na magurudumu kila mzunguko. Mafuta yanachemka, gia zinasagika, na hasara inapita bei ya gearboksi aliyouza.

Injini iliyobadilishwa nzima inagusa pia karatasi. Namba ya injini imo kwenye logibuku, na kubadilisha injini au rangi kunahitaji ukaguzi na marekebisho ya kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Wengi walifunga EJ207 iliyotoka kwenye noskati (sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa) ya Japani au Dubai wakaacha logibuku ikisoma namba ya zamani. Siku ya kuuza ndipo tofauti inapojitokeza, na mnunuzi ana haki ya kudhani injini ni ya wizi. Rekebisha kumbukumbu kabla ya kutangaza, na uhifadhi risiti ya aliyekuuzia. Dar es Salaam ni hivyohivyo kwa Mark II na Altezza zilizopandikizwa 1JZ: kadi ya gari isiposema ukweli, bei inaanguka hata kama injini inaimba.

Ukiliacha lilivyo upande wa injini, basi liandalie ushahidi. Pima kompresheni silinda zote nne injini ikiwa na joto, pedali imekanyagwa hadi mwisho. Usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu: kwa mwinuko wa Nairobi zinashuka karibu moja ya tano, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. La kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Kipimo cha uvujaji ni bora zaidi, maana hakijali mwinuko kiasi hicho. Rekodi safari moja ya gia ya tatu kwa kompyuta ndogo, ikionyesha busti, mchanganyiko wa hewa na mafuta, na marekebisho ya mlipuko, uichapishe. Na mkanda wa taiming, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, kama hauna risiti ubadilishe pamoja na pampu ya maji na rola zake. EJ207 ni injini ambayo mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni. Risiti hiyo moja inauza gari kuliko risiti ya rimu, na watu wanaotumia 180,000 kwa rimu huku wakiahirisha mkanda hawajalitendea haki gari lao.

Kwa utaratibu wa kuuza, ulio bora ni kulifunga gari rimu za asili, shokomzoba za asili na siti za asili, ndipo upige picha na kuweka bei. Vifaa vilivyotoka visitajwe kwenye tangazo la gari. Mkishakubaliana bei na mnunuzi, mwonyeshe seti ya rimu na koilova, umpe nafasi ya kwanza kwa bei yake mbali. Mtu aliyekwisha kulikubali gari huona vifaa hivyo kama nyongeza na huvilipia. Mtu aliyeviona kwenye tangazo huvihesabu kuwa ni vyake tayari na anaomba punguzo juu yake. Akivikataa, viuze kwa wapenzi wa magari wenyewe kwa wenyewe, ukiwa na picha ya kifaa kikiwa kimefungwa kwenye gari lako pamoja na risiti yake, kwa sababu kwenye mji ambao vioo vya pembeni huibwa kwenye foleni, kifaa kisicho na historia hakipati bei.

Mkataba wa mauziano uandike vifaa kwa majina: koilova za kampuni fulani zimetolewa, za asili zimefungwa, nozeli na ramani zimebaki, faili la ramani ya asili limekabidhiwa kwenye flashi. Andika kilomita na namba ya injini. Uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA huanzishwa na muuzaji na kukubaliwa na mnunuzi. Uanzishe pesa zikishathibitishwa benki, na usiache gari likae barabarani kwa jina lako hata wiki moja, hasa gari ambalo mwenye nalo mpya anataka kujua leo usiku lina kasi gani.